Dari ya Merikani

Naandika habari za nyumba moja tu, nyumba ya udongo aliyoijenga baba yangu katika uwanda wa Ugogo, ambayo mimi niliiharibu kwa mikono yangu katika zama za Wadachi. Nimepata kusikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hawakuwapo. Wengine husema nyumba ilirogwa. Wengine husema kijana aliyesoma alitoboa madirisha, na kwa madirisha hayo mabaya yakaingia. Hayo siyachukui. Nitaandika niliyoyaona, na pale ambapo sikuwapo nitamtaja aliyekuwapo.

Walio na bati juu ya vichwa vyao tangu kuzaliwa huenda hawaijui tembe. Kuta zake ni miti iliyosimikwa karibu karibu na kukandikwa udongo. Paa lake ni tambarare, nalo halilali juu ya ukuta bali juu ya nguzo zenye panda. Juu ya nguzo hupita mihimili, juu ya mihimili fito, kisha matawi na nyasi, na juu kabisa udongo ulioshindiliwa, unene wa shibiri moja na zaidi. Mtu mrefu huinama ndani. Madirisha hayakuwapo. Mwanga uliingia kwa mlango, na moshi ulitoka kwa mlango huo huo, bila haraka, baada ya kuzunguka kila pembe.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba kirefu cha mbele, na nyuma ya kiambaza, chumba cha ndani alichokaa mama. Humo mlikuwa na meko ya mafiga matatu, kitanda cha kamba za ngozi, na vilindo viwili, yaani mapipa ya magome ya mti, vilivyojaa uwele. Juu ya meko yalining'inia masuke ya mbegu na vibuyu, vyote vimekuwa vyeusi na vinang'aa kwa masizi. Ng'ambo ya ua palikuwa na ubavu wa nyumba uliolaza ndama na mbuzi, nao ulikuwa na moto wake mdogo.

Baba alifariki nikiwa masomoni pwani. Niliporudi, wajomba zangu walikuwa wamekwisha kumjia mama mara mbili wakitaka kumchukua akaishi kwao, kama ilivyokuwa desturi kwa mjane ambaye mwanawe yu mbali. Mama alikataa mara zote mbili. Aliniambia sababu siku ya kwanza, hata kabla sijafungua mzigo wangu.

"Shangazi zako waliniingiza humu nikiwa sijui hata kusonga ugali wa watu wengi. Nimezaa humu, nimezika kutoka humu. Nataka nifie humu. Sikuombi kitu kingine chochote, si nguo, si ng'ombe."

Nikamwahidi. Sikuona ugumu wowote katika ahadi hiyo, kwa kuwa nyumba ilikuwapo, naye alikuwamo.

Wakati huo reli ilikuwa imefika kwetu, nami nilipata kazi ya ukarani katika ghala la vifaa. Kazi yangu ilinipeleka mara kwa mara katika nyumba ya Mdachi mmoja mpima ardhi, ili atie sahihi karatasi za vitu vilivyotoka. Ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza chumba ambacho kuta zake zilikuwa nyeupe, meza imesimama katikati, viti vimeizunguka, na juu, badala ya miti, kitambaa cheupe kilichovutwa kikanyooka kama karatasi. Nilisimama pale nikiwa na kalamu sikioni, nikaona aibu juu ya nyumba yetu. Kwamba nyumba ile ilikuwa na paa la bati, na kwamba kitambaa kile kiliwekwa kupunguza joto la bati, ni jambo ambalo macho yangu yaliliona na akili yangu haikulipa uzito.

Nilikuwa pia katika mipango ya kuoa. Binti mwenyewe alitoka katika milima ya upande wa Kibakwe. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini, na binti naye alijua kusoma. Posa ilikuwa imekwisha kupokewa. Ndipo karani mwenzangu, akinywa uji nyuma ya ghala, akaniambia amesikia kwamba wazazi wa binti wanasema mtoto wao hakulelewa ili aingizwe katika nyumba ya moshi, alale na ndama.

Sikumwuliza amesikia kwa nani. Mimi ambaye nilikuwa simkabidhi mtu hata kamba bila karatasi, nililipokea neno lile tupu, nikaenda nalo nyumbani. Kwa miaka mingi nimejaribu kukumbuka kama mwenzangu yule alimtaja aliyemwambia. Sikumbuki. Nadhani hakumtaja.

Kiangazi kile nikaanza kazi. Sikuwa na uwezo wa kumwita fundi, wala wa kununua mbao; ila ghalani kulikuwa na makasha matupu yaliyosubiri kuchomwa moto, na msimamizi aliniruhusu kuchukua niliyoyataka. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye alichunga ng'ombe pale kwetu na alikuwa na nguvu kama maksai, alinisaidia kuyabeba. Tulikwenda nayo kichwani, jioni baada ya jioni, mpaka ua ukajaa mbao za kila urefu, zenye herufi nyeusi za Kidachi.

Misumari iliyokuwa katika makasha niliing'oa mmoja mmoja, nikainyoosha juu ya jiwe. Msumeno niliazima kwa seremala wa reli siku za Jumapili. Meza niliitengeneza kwa mbao za kasha lililoleta vipande vya mashine. Zilikuwa nene, na miguu niliifunga kwa vipande vya msalaba baada ya mara ya kwanza kuiona ikiyumba kama mlevi. Viti vinne nilivipata kwa mapipa ya saruji: ukilikata pipa nusu upande wa mbele na kuuacha upande wa nyuma, ukaingiza ubao katikati, unapata kiti chenye mgongo wa mviringo, na mtu mnene hukaa bila hofu. Kabati lilitokana na makasha ya mafuta ya taa niliyoyapanga moja juu ya jingine, na mlango wake nikaufanya wa kitambaa kilichopita kwenye kamba. Hayo yote niliyafanya vizuri. Nayasema si kwa majivuno, bali kwa kuwa ndiyo kweli, na kwa kuwa uzuri wa vitu hivyo ulinifanya niamini kwamba hata yale mengine nilikuwa nikiyajua.

Baada ya vyombo nikaigeukia nyumba yenyewe. Nilitoboa madirisha mawili katika ukuta wa mbele, nikipunguza miti bila kuigusa nguzo, kwa maana hilo nilikuwa nalo angalau, kwamba nguzo haiguswi. Nikayatia miimo ya mbao za makasha, na vibao vya kufungia nikavining'iniza kwa vipande vya ngozi. Binamu alisimama nje akitazama, amejiegemeza kwenye fimbo.

"Binamu, nyumba imepata macho," alisema. "Sasa itatuona tukiwa bado mbali tunakuja kula, itafunga mlango."

"Itakufungia wewe peke yako," nikamjibu. "Wengine huja na kitu mkononi."

"Mimi huja na tumbo. Hicho nacho ni kitu."

Mama alicheka, naye hakuyapinga madirisha. Alisema tu kwamba upepo wa mwezi wa saba utanifundisha, na kweli ulinifundisha. Tuliyafunga muda mwingi.

Ugomvi, kama naweza kuuita ugomvi, ulikuja pale nilipokivunja kiambaza. Nilitaka chumba kimoja kikubwa, meza upande huu, kitanda cha mbao upande ule, na kuta zote zipakwe udongo mweupe niliouchimba mtoni na kuuchuja kwa gunia. Meko hayakuwa na nafasi katika chumba cha namna hiyo. Nilimwambia mama kwamba nitamjengea jiko uani, banda zuri la nyasi, na yeye atalala ng'ambo, ubavuni, pamoja na vilindo vyake. Mbegu angeweza kuzitundika popote apendapo.

Alikuwa akipepeta. Akaweka ungo chini.

"Kulala kule si neno, maana ni nyumba ile ile," alisema. "Lakini moto usiutoe humu. Moshi ndio dawa ya paa, baba." Aliniita baba, kama mama zetu wawaitavyo watoto wao wa kiume.

"Nani kasema?"

"Marehemu baba yako. Na baba yake yeye kabla yake."

"Wewe mwenyewe, mama, umepata kuona kwa macho yako nyumba iliyokufa kwa kukosa moshi?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kurusha majibu.

"Sijaona."

"Basi, ni maneno ya kupokezana."

"Nitaonaje, mwanangu? Hakuna aliyewahi kuuzima."

Nililihesabu jibu lile kuwa ni la mtu aliyeishiwa hoja. Leo naliona kuwa ndilo jibu lenye akili zaidi nililopata kupewa na mtu yeyote, pamoja na walimu wangu wa pwani. Lakini siku ile nilichukua jembe na kuyang'oa mafiga. Chini yake udongo ulikuwa mwekundu na mgumu kama tofali, kina cha kiganja kizima. Mama alikwenda uani na kukaa na mgongo wake umeelekea mlango, mpaka nilipomaliza.

Kisha nikaweka dari. Nilipata merikani, kitambaa kizito cheupe, nikaomba mke wa jirani anishonee vipande pamoja, nikakipigilia chini ya mihimili kwa misumari na vipande vya ngozi, nikikivuta kila upande kwa msaada wa binamu. Fito nyeusi zikatoweka. Chumba kikawa cheupe juu na pembeni, na mwanga wa madirisha mawili ukatembea humo kama maji. Nilisimama katikati, nikaona kwamba nimefanya jambo.

Binamu alikuwa amelala chali juu ya meza yangu, akipumzisha mikono.

"Umeivalisha nyumba kanzu kwa ndani," alisema. "Watu huvaa kanzu kwa nje, ndipo waonekane."

"Nyamaza, wewe. Na ushuke mezani."

"Au ni sanda? Niambie mapema, nijue kama nalia au nacheka."

Nilimfukuza kwa kipande cha ubao. Mzaha kati ya mabinamu hauna kosa kwetu, na sina haki ya kusema leo kwamba alibashiri kitu. Alikuwa akitania tu, kama alivyotania kila siku ya maisha yake.

Mke wangu aliletwa kabla ya mvua. Alitembea chumbani akigusa kila kitu, kiti, kabati, miimo ya madirisha, na akaniuliza kama kweli nimetengeneza mwenyewe. Nilifurahi sana. Baada ya siku chache, akiwa anarudi kutoka uani macho yamejaa vumbi la upepo, aliniuliza:

"Mbona jiko liko nje?"

"Kwa ajili yako," nikasema. "Wazazi wako hawakutaka uingizwe katika nyumba ya moshi."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari za mtu mwingine.

"Wazazi wangu? Nani amekuambia? Mama yangu anapika ndani mpaka leo. Mimi nimekulia kwenye moshi, hata kusoma nilisomea mbele ya meko."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu, na nataka msomaji aione wazi, maana ndiyo inayonikosesha raha. Kabla ya hapo nilikuwa nimedanganywa. Baada ya hapo hakuna aliyenidanganya. Mafiga yalikuwa yameegeshwa kando ya ukuta wa ua. Ningeweza kuyarudisha siku ile ile. Lakini nilizitazama kuta zangu nyeupe, nikatazama dari, nikawaza masizi, nikamwambia mke wangu kwamba si vibaya, atazoea. Mama alikuwa akisikia. Tangu siku hiyo hakulitaja tena suala la moto.

Mvua za mwaka wa kwanza paa lilivuja mahali pawili. Dari ikapata madoa ya rangi ya chai. Zamani mama ndiye aliyejua paa linavuja wapi, kwani alilala akitazama fito, akaona tone likianza. Sasa kitambaa kilificha kila kitu, na maji yalitokea mbali na pale yalipoingilia. Sikujua pa kuziba. Basi nikapanda juu na kuongeza udongo kila mahali, kikapu baada ya kikapu, mpaka uvujaji ukakoma. Niliridhika na akili yangu.

Kiangazi kilichofuata nikaona dari imeanza kulegea katikati, kama tumbo. Nilidhani ni kitambaa kimevutika kwa uzito wake. Nilipokigusa kwa kidole, unga mwepesi wa rangi ya manjano ulipenya kwenye mshono ukaniangukia usoni. Nikaufuta. Nilifungua upande mmoja, nikaukung'uta unga uliokuwamo, ukajaa nusu debe, nikauita vumbi la paa, kisha nikakivuta kitambaa na kukipigilia upya. Kilinyooka vizuri. Nilisimama tena katikati ya chumba na kukisifu.

Ule haukuwa vumbi la paa. Ulikuwa miti ya paa yenyewe, iliyosagwa na bungua, wale wadudu watoboao miti mikavu. Na katika pembe ambapo kuta zilikutana na fito, mchwa walikuwa wamekwisha kujenga njia zao nyuma ya kitambaa, mahali ambapo moshi ungewaua au kuwafukuza siku ya kwanza. Haya niliyajua baadaye, kwa kuyavunja mabaki kwa mikono yangu.

Mvua za mwaka wa pili zilikuja kwa nguvu. Siku ya tatu ya mvua isiyokatika, asubuhi, mimi nikiwa ghalani, yalitokea haya ambayo nayaandika kwa ushahidi wa mke wangu, aliyekuwapo.

Banda la uani lilikuwa limelowa na moto wake ukazimika. Mama alikuwa na makaa katika moto mdogo wa ndama. Alimwambia mke wangu, "Mama, leo nitawasha ndani. Mume wako akirudi tutamwambia ni mvua." Mke wangu akakubali kwa furaha, akayaingiza mafiga mwenyewe, akayapanga pale pale penye udongo mwekundu, kisha akatoka kwenda kuchukua kuni kavu ubavuni. Mama aliingia akiwa na makaa katika kigae. Mke wangu alikuwa katikati ya ua aliposikia sauti ambayo aliifananisha na gunia kubwa likipasuka. Alipogeuka, paa lilikuwa limeshuka, na mlango ulikuwa umezibwa na udongo.

Alipiga yowe. Binamu, aliyekuwa akikinga ng'ombe nyuma ya boma, alikuja mbio. Mlangoni hapakupitika. Walivunja kibao cha dirisha, binamu akaingia kichwa mbele, akamkuta mama chini ya meza kwa nusu ya mwili. Meza ilikuwa imeubeba mhimili. Miguu ilikuwa nje ya meza. Walimtoa kwa dirisha akiwa hai, paja lake la kulia limevunjika.

Watu wengi wamenifariji kwa maneno hayo, kwamba dirisha langu na meza yangu ndivyo vilivyomwokoa. Hata mke wangu alinifariji hivyo. Sikatai kwamba ndivyo ilivyotokea. Lakini dirisha halikuhitajika na mtu yeyote mpaka paa lilipoanguka, na paa liliangushwa na mimi.

Nilipofika nilimkuta amelazwa ubavuni kwa ndama, binamu ameketi mlangoni, matope mpaka kwenye nywele. Kwa mara ya kwanza sikusikia mzaha kutoka kwake.

"Mbukwa, mama," nikamwamkia kwa lugha yetu.

Aliitikia. Kisha akasema, "Mmeyapata makaa yangu? Yasije yakaunguza kitu."

Siku iliyofuata mvua ilipopungua nilipanda juu ya mabaki. Nilichukua ufito mmoja wa chumba changu, nikaubonyeza kwa vidole viwili, ukapondeka. Nikaenda ubavuni ambako moto wa ndama ulikuwa haujazimwa tangu enzi za baba, nikachomoa ufito mmoja, wa mti ule ule, uliokatwa siku ile ile. Nilijaribu kuuvunja juu ya goti. Haukuvunjika. Niliupiga kwa shoka, shoka liliruka. Nilisimama kwenye matope nikiwa na mti huo mweusi mkononi, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na ushahidi wa macho niliomdai mama.

Ubavu wa ndama haukuweza kumlaza mgonjwa wa mfupa kwa miezi. Mjomba alikuja na watu wanne na machela, akamchukua kwenda kwake, mwendo wa siku moja kaskazini, ambako palikuwa na mtu ajuaye kuunga mifupa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, mbele ya mama, "Sasa umekubali tumchukue?" nami nikasema ndiyo. Mama aligeuza uso. Walipomnyanyua alitazama nyuma mpaka walipoupita mbuyu wa njia panda, hilo niliona.

Nilijenga upya. Safari hii niliwaita wazee wawili waliojua kazi, nikawa mimi wa kubeba udongo na wao wa kusema. Kiambaza kilirudi, meko yalirudi, moto uliwashwa kabla hata paa halijakauka. Ilinichukua mwaka mzima na zaidi, kwa sababu ya kazi ya ghala na uchache wa miti mizuri. Nilipomaliza nilikwenda kwa mjomba kumchukua mama. Alikuwa akitembea kwa mkongojo, mguu umekuwa mfupi.

"Nimejenga kama alivyojenga baba," nikamwambia. "Chumba chako kipo. Moto upo."

"Najua. Mke wako alituma salamu." Akaninyooshea mkono, akanishika kidole gumba, kama alivyonishika nilipokuwa mdogo. "Mguu huu hauwezi mwendo wa siku moja, na kubebwa tena kwenye machela sitaki, ulinitia aibu ule mwendo. Acha mvua zikatike, niupe nguvu. Nitakuja kwa miguu yangu."

Sikumlazimisha. Mvua zilikatika, zikarudi, zikakatika tena.

Katika muda huo nililetewa na wapita njia mara mbili habari za kifo chake. Mara ya kwanza niliacha kazi, nikakimbia usiku kucha, nikamkuta anachambua mboga. Alinicheka mpaka akakohoa. Mara ya pili pia nilimkuta mzima. Basi niliapa kwamba sitaondoka tena kwa neno la mpita njia. Nilikuwa nimekwisha kuharibu nyumba kwa neno la kusikia tu, na somo hilo nililishika kwa nguvu zote.

Mara ya tatu alikuja mchungaji aliyekuwa akipeleka ng'ombe mnadani. Alisimama mlangoni mwa ghala, kofia mkononi.

"Mwalimu," alisema, maana watu waliniita hivyo kwa sababu ya kuandika, "mama yako hali yake ni mbaya. Wanasema uje."

"Umemwona?"

"Sikumwona. Nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Mzee mmoja, pale kisimani. Simjui jina."

Nilimshukuru, nikamtuma mtu wangu mwaminifu aende akaone kwa macho yake na kurudi. Siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi. Aliporudi aliniambia mama amefariki. Nilianza safari saa ile ile.

Nilikuta kaburi limekwisha kufunikwa, na udongo wake umeanza kukauka juu. Mjomba alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, ametandaza ngozi, na watu wa msiba wamepungua. Nilimwamkia, nikakaa chini.

"Alikungoja siku moja na nusu," alisema mjomba. "Alisema huenda unatengeneza kitu nyumbani."

"Aliyekuja alisema hakumwona, mjomba. Alisema aliambiwa kisimani na mzee asiyemjua."

"Mzee yule nilikuwa mimi," alisema. "Nilikwenda kisimani nitafute mtu anayeelekea kwako, maana sikutaka kumwacha peke yake siku mbili nzima. Ulitaka nani mwingine akuambie?"

Kisha alinionyesha mahali pa kuweka mzigo wangu, akaniambia kwamba upande mmoja wa kaburi unahitaji mawe zaidi kwa sababu ya fisi, na kwamba watu wake wamechoka. Nilivua koti, nikaenda kubeba mawe.